Mama Aliposifu Chai Yangu

Siku mama yangu aliposifu chai yangu ndiyo siku niliyojua kwamba nimempoteza.

Alikuwa amekaa mezani, hapa hapa nyumbani kwetu Doonside, pembeni mwa Sydney, mtandio kichwani, mkoba mapajani. Nikamwekea kikombe. Akanywa taratibu, akakitua, akasema, "Ahsante, mwanangu. Chai nzuri. Mungu akuzidishie." Nikabaki nimesimama na birika mkononi. Mama yangu huyu! Mwanamke ambaye tangu nipate akili zangu hajawahi kunywa chai niliyopika mimi bila kukunja uso!

Kwetu Tanga mama alikuwa na sifa mtaa mzima kwa mkandaa wake, yaani ile chai kavu isiyotiwa maziwa. Ilikuwa nyekundu, unaona mpaka chini ya kikombe, na iliki unaisikia ungali barazani. Mimi bintiye chai haikunikubali. Kosa langu lilikuwa moja tu na halikuwahi kubadilika: haraka. Natia majani maji hayajachemka. "Nini hii?" atasema. "Hii chai au maji ya kuoshea sufuria? Nani atakuoa wewe?" Nikaolewa, nikaachika, nikahamia Sydney na mwanangu wa kike, nikamleta mama baada ya baba kufariki, na bado kila asubuhi alikuwa anaonja chai yangu anasonya. Nilikuwa nakereka, tusidanganyane. Namwambia, "Basi jipikie mwenyewe!" Naye ananijibu, "Nijipikie nina binti?" Halafu kikombe anakinywa mpaka machicha.

Hapo kwenye kumaliza ndipo penye jambo. Mama alitulea hivi: ugenini humalizi kikombe. Unabakisha kidogo chini, mwenye nyumba ajue umetosheka, na kasoro huitaji hata kama umepewa maji ya moto matupu. Unashukuru, unamwombea dua, unakwenda zako. Nyumbani kwako ndiko unakokunywa ukamaliza, na ndiko unakolalamika. Siku ile, alipokwenda kujilaza, nilikiinua kikombe chake. Chini mlikuwa na chai kidogo, imebakizwa kwa adabu zote. Nikakaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia.

Kazi yangu ni kutunza wazee, katika nyumba moja ya wazee upande wa Westmead. Watoto wa wale wazee wakija wananiuliza wafanyeje, mzazi hawajui tena. Nami nawaambia kwa upole: usimhoji, usimwulize "Mimi nani?", mfuate huko anakokwenda. Maneno matamu hayo, nayasema nikiwa ndani ya sare. Nikifika nyumbani nayavua pamoja na sare. "Mama, mimi nani?" namwuliza hata viatu sijavua. Anatabasamu. "Si mwenyeji wangu wewe?"

Basi nikashikwa na wazimu wa chai. Niliwaza hivi: mama hakuwa na kitu kikali kuliko ulimi wake. Kama kuna chochote kilichobaki mle ndani, kimebaki ulimini. Nikipata chai ya kumgusa, au chai ya kumkera, atasonya, atanisema, na akinisema atakuwa amenijua na amejua yuko kwake. Sikutaka akumbuke jina langu. Sikutaka akumbuke mwaka wala nchi. Nilitaka msonyo mmoja tu.

Siku za mapumziko nikawa nazunguka madukani. Lo, hawa watu wana chai! Makopo yamepangwa ukutani kama dawa, unafunguliwa moja moja unanusa mpaka pua inakataa kazi. Nilinunua birika la kioo na kichujio kizuri. Kabatini nikashusha vikombe vyangu vidogo vyenye ukingo wa dhahabu, kwa kuwa ndivyo vinavyofaa kuonjea, nikavipanga juu ya trei, kila kimoja na chai yake. Ya Assam nyeusi, nzito, inakaza ulimi kama ndizi mbichi. Ya Ceylon nyepesi, ina ukali wa limau kwa mbali. Kuna ya Kichina moja ilinuka moshi, nikadhani wameniuzia iliyoungua, kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Halafu zile za kutiwa harufu. Ya pichi, ya vanila, ya waridi, ya ganda la chungwa chungu. Nyingine ina vipande vya karameli, inanukia keki. Chai inayonukia keki, jamani! Ukiinywa ladha huioni, harufu tu imekuja ikakudanganya ikaenda zake. Ile ya keki nilimpa mama kwa makusudi. Nikajisemea, hii haivumilii, hii lazima itamfufua.

Akanusa. Akanywa. "Mashaallah," akasema. "Mna vitu vizuri nyie huku."

Ikawa hivyo kila Jumapili. Hii nzuri. Hii nayo nzuri. Ahsante, mmejaliwa. Dada mmoja Mrundi tunayefanya naye kazi, aliyekulia kambini Kigoma, alinionea huruma akaniletea majani ya kwao ya milimani, kwenye mfuko wa plastiki. "Hii iko na nguvu, dada," akaniambia, "mama ataamuka tu." Kweli ilikuwa na nguvu, chai ya kiume kabisa. Mama akamwombea dua aliyeileta. Trei ikirudi jikoni nilikuwa natazama chini ya vikombe kabla sijaviosha, na vyote vina kidogo, sawasawa.

Mimi, kwa upande wangu, nikawa mjuzi. Nilijua sasa ipi inataka maji yanayotokota na ipi ukiichoma inageuka chungu. Nilijua kungoja. Yale yote mama aliyonipigia kelele miaka na miaka yakaniingia hapa, ukubwani, kwa maelezo ya nyuma ya makopo, na mtu wa kuonyesha kwamba yameniingia hayupo, ingawa amekaa mbele yangu anatabasamu. Nilikata tamaa vibaya. Nilikuwa naendesha gari kurudi kutoka kazini naomba taa nyekundu zikawie.

Kisha nikapata lile jani. Si chai hasa, ni jani la mti wa huku huku Australia, linakaushwa, linatiwa maji ya moto hivi hivi. Nilipofungua pakiti mchaichai ulijaa jikoni kwangu, mchaichai mtupu! Nikakimbia na kikombe mpaka nikajimwagia. Mama akasogeza pua, akafumba macho.

"Mchaichai," akasema.

"Eeh, mama! Mchaichai!"

"Kwangu umeota uani, karibu na bomba. Watoto wanaukanyaga, nawafukuza."

"Watoto gani, mama?"

"Wangu. Kuna binti yangu mmoja mtundu huyo!" Akacheka, na kicheko kilikuwa chake.

"Yuko wapi huyo binti?"

Akafumbua macho, akanitazama, na nikaiona adabu inamrudia usoni. "Utamjulia wapi wewe," akasema kwa upole, akakirudisha kikombe kwenye kisahani. Akabakisha.

Mungu anisamehe, nilipiga kelele. "Sema ni mbaya!" nikamwambia. "Sema chai mbaya, basi! Sema haina kitu, sema maji ya kuoshea sufuria, sema chochote!" Mama akaukumbatia mkoba wake. "Samahani, mwanangu," akasema. "Kama nimekukosea mimi nitaondoka."

Mwanangu akatoka chumbani kwake kusikia kelele. Ana miaka kumi na sita, Kiswahili anakisikia chote ila majibu yake ni Kiingereza tu. Akamtazama bibi yake, akaitazama trei, akaniuliza kwa hicho Kiingereza chake: kwani Bibi ni mgeni? Mbona unampa vikombe vya wageni?

Nikamwambia anyamaze, asiniingilie. Akarudi chumbani akabamiza mlango. Halafu nikaitazama trei mimi mwenyewe. Mtume! Vikombe vya kabatini, visahani, sukari pembeni na kijiko chake. Kwa mama vikombe vya kabatini havikutoka ila kaingia mgeni, hata sisi wanawe tulikuwa hatuvigusi. Na mimi kila Jumapili nampangia hivyo vikombe, nampa chai ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, nasimama pembeni natumbua macho kama mwenyeji anayengoja kusifiwa. Nani angekaa kwenye nyumba kama hiyo akadhani yuko kwake? Kama alikuwa na mguu mmoja ndani bado, mimi ndiye niliyeutoa nje. Nilimsogelea nikamkumbatia, naye akakumbatiwa kama unavyokumbatiwa na usiyemjua msibani.

Jumapili iliyofuata makopo yote yakakaa kabatini. Nyuma ya sufuria nilikitoa kikombe chake cha bati, kimebanduka rangi mdomoni, alichokuja nacho mwenyewe kutoka Tanga kwa kuwa hakuamini kwamba Australia kuna vikombe. Nikachukua majani ya kawaida, ya dukani hapa chini. Nikayatia maji hayajachemka, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote, na iliki moja nikaitupia humo bila kuiponda. Sikuleta trei wala kisahani. Mwanangu alikuwa kwa rafiki yake, tulikuwa sisi wawili tu. Nikamwambia, "Shika, mama."

Akakishika kwa mikono miwili. Akanusa. Akapiga funda moja, na uso, wallahi, uso ukakunjika. Mdomo ukavutika upande, upande ule ule wake. Akasonya. Msonyo mrefu wa Tanga, ule niliouhangaikia madukani kote.

Mama akaniinamia, akateremsha sauti kama mtu anayeogopa wenye nyumba wasisikie. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Nina binti yangu mimi, chai yake ni hivi hivi. Majani anatia maji hayajachemka. Nimesema mpaka nimechoka. Maji ya kuoshea sufuria!"

"Ni mimi, mama," nikamwambia. "Huyo ni mimi."

Akanipigapiga mkono, kama anavyotulizwa mtoto wa jirani. "Wewe chai zako zote nzuri," akasema. "Yeye ndiye hajui. Lakini ndiyo niliyoizoea. Hebu nipeleke kwake, Mungu akubariki. Saa hizi keshapika, ananingoja nimseme."

Akakiweka kikombe mezani. Sikuwa na haja ya kutazama chini yake, lakini nilitazama. Kidogo kilikuwamo.

Nifanye nini? Nikafanya ninachowaambia wenzangu wafanye, nikamfuata anakokwenda. Nikapiga magoti nikamvisha viatu, nikamfunga vifungo vya koti, nikamwingiza garini. Tukapita stesheni, tukapita shule, tukazunguka mitaa ya Doonside ambayo anaijua kuliko mimi, maana enzi zake aliitembea yote akitafuta mtu wa kusalimiana naye. Alikuwa na furaha njia nzima. Aliniambia habari za binti yake. Mbishi, alisema, mvivu wa kupika, ila ana moyo. Nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka na yeye ananipa leso kutoka mkobani, ananiambia pole, hata haniulizi kinachoniliza.

Mwisho nikarudi kwetu, nikaegesha palepale. "Tumefika, mama," nikamwambia. Akautazama mlango wangu, akatengeneza mtandio, akashuka kabla sijamfungulia.

Alitufunza kwamba unapiga hodi mara tatu, na asipoitika mtu unarudi. Akasimama mbele ya mlango. "Hodi!" akasema. Sauti yake ilikuwa na nguvu, ile ya zamani ya kuniamsha. Nikawa nyuma yake na funguo mkononi. "Hodi!" Ndani kimya. Majani yangu ya ovyo yalikuwa bado kwenye sufuria, yanapoa.

"Hodi!" akasema mara ya tatu.

"Karibu, mama," nikaitika. "Karibu ndani."

Akageuka, akanitazama, akanishika mkono kwa huruma. "Si wewe, mwanangu," akasema. "Sisi wageni. Tumngoje mwenyewe."

Tukangoja.