Kandambili za Mama

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu uongo kuhusu ubongo, na niliufundisha kwa sauti kubwa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Songea mjini. Kila mwaka, tulipofika kwenye mfumo wa fahamu, nilipanga sahani nne mezani: ubongo wa perege, wa kuku, wa simbilisi na wa mbuzi. Wa mbuzi nilipewa na muuza nyama wa Msamala, ambaye hakuacha kuniuliza kama nimetupa chaki nikafungua genge la supu.

"Angalieni mikunjo," niliwaambia. "Mbuzi anayo. Simbilisi hana, ubongo wake ni laini kama yai lililomenywa. Pasipo na mikunjo hapana kumbukumbu. Huyu anaishi kwa tumbo tu."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo, kwa sababu nilipoyasema nilijua si kweli.

Simbilisi niliwatoa kwa mama, kijijini Maposeni. Aliwafuga jikoni kama alivyowafuga mama yake, vinyama visivyo na mkia, vinene, vyenye woga. Akiingia mtu mwingine, wote walikuwa chini ya kuni, kimya. Lakini mama akikaribia na kandambili zake, pata pata, hata mlango hajausukuma, walianza kupiga miluzi na kutoka mbio kudai majani.

Tuliwala, sikatai. Ila mama alikuwa na mwiko wake. Siku ya kuchinja hakutia mguu jikoni. Alimwita jirani aje na tenga, awafukuze mpaka awapate, hata kama vyungu vitapinduka.

"Huwezi kumwita kwa chakula halafu ukamshika," alikuwa akisema. "Mwache akimbie. Hiyo ni haki yake."

Mwaka mmoja nilifika kuwachukua Jumamosi mchana, nikamkuta anaondoka kwenda kusali jumuiya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua wawili, lakini mwite jirani akukamatie."

Jirani alikuwa shambani. Bodaboda niliyokuja nayo ilikuwa inanisubiri, dereva anapiga honi kama ana mgonjwa. Nikaona haina haja ya kumsubiri mtu kwa ajili ya vipanya viwili. Niliingia na viatu vyangu vya mjini, nikahangaika robo saa nzima, nikatoka na masizi usoni bila kumshika hata mmoja.

Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Kandambili alikuwa ameziacha mlangoni.

Nilivua viatu vyangu nikazivaa, visigino vikizidi nje. Nikachuma majani ya mahindi. Nikatembea taratibu kama anavyotembea yeye, pata pata. Miluzi ikaanza ndani. Nilipofungua mlango walikuwa wameshatoka wote chini ya kuni, na mmoja alipanda juu ya vidole vyangu. Nikainama nikawaokota wawili kama mtu anayeokota viazi. Hawakujitetea hata kidogo.

Jioni mama alinipigia simu.

"Jirani anasema hukumwita. Umewapataje?"

"Niliwavizia tu, mama."

"Basi una bahati. Hao hawakamatiki."

Jumatatu nikapanga sahani zangu nne, nikahubiri mikunjo yangu. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, simbilisi wa bibi yangu wanamjua kwa hatua zake. Kama hawana kumbukumbu, wanamjuaje?"

Nililijua jibu kuliko mtu yeyote mle darasani. Badala yake nikasema, "Labda bibi yako ananuka majani." Darasa likaangua kicheko. Binti akakaa, akainamia daftari lake, na hakuniuliza swali tena mpaka alipomaliza shule.

Baadaye nilisoma vizuri. Mikunjo huendana sana na ukubwa wa ubongo. Ubongo mdogo unaenea kwenye fuvu bila kujikunja, na unafanya kazi yake vilevile. Kunguru hana mikunjo ya mbuzi, lakini anaijua sura ya mtu aliyemtupia jiwe. Nimeshasahihisha noti zangu. Hata hivyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Niliwakamata kwa kumbukumbu ileile niliyosema hawana. Ujuaji wangu wote ulikuwa umesimama juu ya kandambili za mama.

Pasaka iliyopita nilimweleza. Siku hizi miguu inamsumbua, anawalisha akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilimsimulia yote, jirani, honi, viatu, na kwamba kwenye simu nilimdanganya. Nilitegemea anigombeze, na nilitamani anigombeze. Moyoni nilikuwa na tamaa nyingine ya aibu, kwamba atasema hao ni wanyama tu, mwanangu, yameshapita.

Mama aliacha kurusha majani. Akaziangalia kandambili zilizokuwa miguuni mwake.

"Kumbe walifikiri ni mimi," alisema.

Akazivua, akazisukuma mpaka karibu na mafiga, akaendelea kuwalisha miguu mitupu.