Kamba za Kitanda cha Mama

Tetemeko lilipotupitia nilikuwa mahali pangu pa kawaida: kitandani, saa kumi jioni. Mabati yalilia, vikombe vikaanguka, na nilipofika uani nikamkuta mama ameshafika, yeye mwenye magoti mabovu. Hapa Chemchem bado wananikumbusha kwamba mama yangu alinishinda mbio.

Nyumba ilipata ufa mmoja tu, chumbani kwa mama, kutoka juu ya dirisha hadi karibu na bati, upande ule ule anakolaza kichwa. Nilikoroga udongo, nikauziba, nikanawa mikono. Redio ilisema chanzo kilikuwa mbali, upande wa ziwani.

"Ardhi imeshapumua," mama alisema. "Sasa tutakaa miaka."

Nilimuunga mkono upesi, maana kubomoa ukuta ni kazi.

Jumamosi akaja binti yangu kutoka Isikizya, anakofundisha jiografia. Alituamkia, akautazama ufa, akasema, "Bibi, leo unahama humu."

"Niende wapi, mke mwenzangu? Chumbani kwa baba yako? Anakoroma kuliko hilo tetemeko lenu."

"Limeshapita hilo," nikasema. "Ardhi imetua mzigo."

"Na imemtwika nani, baba?"

Kitanda cha mama ni cha kamba, na wiki ile kamba moja ilikuwa imekatika. Niliahidi kuifunga. Binti yangu akakunja godoro, akamwomba bibi yake akae, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akanipapasisha kamba. Iliyokatika ilining'inia tu. Zilizo jirani nayo zilikuwa zimekaza hadi zinaumiza vidole. Nyingine, kando kidogo, zilikuwa zimelegea.

"Bibi hajapungua uzito," akasema. "Uzito uliobebwa na kamba hii umehamia kwa jirani. Miamba nayo ni hivyo. Mpasuko mmoja ukiteleza, mipasuko ya karibu mingine hukazwa zaidi, mingine hupumzishwa."

"Sasa ipi itafuata?" mama akauliza.

"Hakuna ajuaye, bibi, wala siku yake. Pengine isifuate yoyote. Ila ukuta huu haufai kungoja majibu."

Mama akanigeukia. "Na wewe, kamba yangu je?"

Alikubali kuhama kwa sharti moja: kitanda kitangulie. Nikafunga kamba ile na mbili za jirani yake, nikampisha chumba changu, nikatandika mkeka sebuleni. Jumatatu nikapanda ngazi, nikaushusha ukuta tofali kwa tofali hadi usawa wa dirisha. Shuleni tuliandika insha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na nimejenga vilevile.

Ardhi haijatikisika tena. Mama anasema alihamishwa bure, lakini ukuta mpya ulipokauka nikambembeleza arudi, akakataa.

"Aliyeujenga aulalie," alisema.

Ndiko ninakolala sasa. Kila nikijinyoosha huupiga konzi kidogo, nikasikiliza.