Mjohoro Ulioangukia Ua wa Mama

Sisi tuliokulia Handeni miaka ile, hakuna aliyetuuliza kama tunapenda kupanda juu ya miti. Masika yakikaribia, baba alichukua msumeno na kamba, akasimama mlangoni, akasema, "Leo tunapogoa." Basi, imekwisha. Watoto sita tunatoka, wa kike kwa wa kiume, na ole wako ujifanye una homa.

Bustani ya mama ilikuwa na ua wa nguzo na waya, na kando ya ua ilisimama mijohoro. Tawi lililoanza kuinamia ua halikupewa nafasi ya kunenepa. Tulilifunga kamba, wawili wakalivuta kuelekea uwanjani, aliye juu akakata. Ukianza kukata kwa juu unasikia sauti kutoka chini, "Anza chini wewe! Unataka kuuchuna mti?" Maana tawi zito ukilikata kwa juu tu, linavunjika na kushuka na ganda la shina, na kidonda kile ndicho kinachooza. Mpaka leo nikimwona fundi anakata ovyo mkono unaniwasha.

Jirani yetu, Mzee Mhina, naye alipogoa siku hiyohiyo, kwa kuwa mijohoro yake ilikuwa upande wa pili wa ua uleule. Hakuna aliyegusa tawi la mwenzake bila ruhusa. Baba alipaza sauti, "Hodi kwa mti wako!" Naye akajibu, "Karibu, kata!" Majani tuliwapelekea mbuzi. Kisha mama akapakua bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa mlenda, tukala huku vidole vinanuka majani mabichi na magoti yanawaka kwa michubuko.

Watoto wa leo? Juzi nilimwambia mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili apande mpera anichumie mapera. Akaniuliza, "Bibi, ngazi iko wapi?" Ngazi! Mti wenyewe si ndio ngazi!

Sasa vuli hii mama akanipigia simu. "Mwanangu, mti umeangukia ua. Mbuzi wameingia, wamemaliza kila kitu." Mama anaishi peke yake pale tangu baba afariki. Ile bustani ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi, akamwagilie bamia na mchicha wake, akagombane na wadudu. Akikosa bustani, analala mpaka jua limewaka, na mtu wa umri wake akishaanza kulala hivyo, sisi wanawe tunaogopa.

Nilipandwa na hasira, kwa sababu nilijua mti ni wa nani. Mzee Mhina alishafariki, kiwanja anacho mwanawe Hamza, kijana wa Dar es Salaam, msumeno anauona kwenye simu tu. Nikampigia hapohapo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba ya nini? Mti wako umemmalizia mama yangu bustani!"

"Dah, dada, usipaniki. Natuma watu sasa hivi."

"Baba yako asingeniambia nisipaniki!" Nikakata simu.

Kesho yake nilipanda basi kutoka Manundu ninakoishi, mdomo umejaa maneno. Nilipofika, vijana wawili wa Hamza walikuwa wameshakata matawi yaliyoanguka na kuyasogeza, sasa wako juu ya mijohoro ya Hamza wanapogoa, tawi linashushwa kwa kamba. Mama amekaa kwenye kigoda, mbele yake matuta matupu. Nikaanza kumsema Hamza na ukoo wake. Mama akaniacha niseme, halafu akasema, "Kwanza tazama shina liko wapi."

Nikatazama. Shina lilikuwa upande wetu. Ni ule mjohoro wa baba, wa kona. Ulikuwa umevunjika usawa wa kifua, ndani umeoza umekuwa unga, na katikati ya ule uozo kuna waya na misumari.

Misumari ile niliijua. Mwaka aliofariki baba, nguzo ya kona ilikuwa imelika, mdogo wangu Rajabu akasema tuhangaikie nguzo ya nini wakati mti upo? Akapigilia waya kwenye shina. Mimi ndiye niliyemshikia waya, nikamsifu ana akili. Sasa mti umeanguka na waya wote, umeulaza ua kuanzia kona hadi mlango wa bustani. Na tangu siku ile hakuna aliyepogoa. Watoto sita! Kila Idi tunakuja, tunakula pilau kivulini pake, tunapiga picha, tunaondoka. Nilijiona mjinga.

Nilimpigia Hamza nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, dada." Angenitukana ningepata nafuu.

Nikamwambia mama tutaujenga ua, atalima tena. Akaionyesha mijohoro yetu iliyobaki, yote imeinamia bustani. "Nani ataipanda?" Magoti yangu yamechoka, Rajabu ana sukari, wengine wako mbali, na wajukuu wanasubiri ngazi. Zamani baba alikuwa na watoto sita juu ya miti kabla chai haijapoa. Leo sita wote tu hai, na aliyetuma watu kwa mama ni mtoto wa jirani.

Nilipoaga, mama alinisindikiza mpaka barabarani. "Ukija tena," akasema, "uninunulie mchicha sokoni. Hata fungu moja."