Mama Picha na Bwana wa Suruali ya Kiraka

Walimwita Mama Picha kwa sababu miaka ishirini na sita alipiga picha za pasipoti katika kibanda kando ya posta. "Kidevu juu, usicheke," ndiyo yalikuwa maneno yake asubuhi hadi jioni. Kisha akateleza bafuni, akavunjika nyonga, daktari akamwamuru akae nyumbani miezi minne.

Wiki ya pili alikuwa ameshachoka kutazama dari. Dada yake, karani wa maktaba, akamletea kompyuta na kumfungulia ramani ya mtandaoni, ile yenye picha za barabara zilizopigwa na gari lenye kamera juu ya paa. Mama Picha akaanza kuzurura mitaani kwa kidole. Akipata kitu cha kumgusa, anasimama, anageukia kushoto, anakata kingo za picha, anahifadhi. Alimpata mbwa aliyelifukuza gari hilo picha tisa mfululizo. Ya kumi alikuwa chali, hoi. Alipata akina mama wawili chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja akiuvutia kwake. Nyuso zote zilikuwa zimetiwa ukungu, lakini mgongo wa mtu ulimtosha.

"Hizo si picha zako," alisema mumewe, fundi cherehani. "Limepiga gari."

"Gari limepiga kila kitu, Baba watoto. Mimi ndiye niliyechagua."

Dada mtu akachapisha picha kumi na mbili kubwa, akazitundika ukumbini mwa maktaba. Siku ya ufunguzi fundi alivaa koti, akazunguka mikono nyuma kama mkaguzi. Akasimama mbele ya bwana mnene aliyeketi kwenye ngazi za duka la mikate, keki mkononi, nyingine gotini ikisubiri zamu.

"Hii kali," akawaambia watu. "Mtazameni alivyojiachia."

"Shemeji," dada mtu akamnong'oneza, "hiyo si suruali yako?"

"Suruali za hivyo ziko nyingi."

"Zenye kiraka cha pazia la sebuleni kwenu?"

Kumbe fundi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na nyumbani alikunywa chai kavu isiyo na sukari huku akihema kama mfiwa. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa kitini na magongo yake.

"Ulijua?"

"Miezi miwili sasa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungebisha. Nikaona bora nikuchapishe."

Watu walicheka hadi mlinzi akaingia kuuliza kuna nini. Fundi alinuna siku tatu. Ya nne akaenda mwenyewe kupima sukari, akarudi na kuweka cheti cha majibu mezani.

Siku hizi kila alasiri huvuta kiti karibu na mkewe, wakazurura pamoja.

"Rudi nyuma kidogo," humwambia. "Huyo anayepaka ukuta rangi umemkata miguu."

Mama Picha huguna, kisha hurudi nyuma, kwa kuwa mara nyingi mzee huwa kasema kweli.