Mguu Alioukataa Anjela

Dada yangu Anjela, Mama Brayan kwa wateja wake, ana mikono inayojulikana Babati nzima, na nikisema nzima sitanii. Mama lishe wa stendi, wanaosimama jikoni tangu alfajiri, jioni wanakwenda kwake miguu ikiwawaka moto. Makonda wanakwenda, walimu wanakwenda. Chumba chake kiko nyuma ya duka la nguo la Salum: benchi moja, beseni, na chupa ya mafuta ya ufuta ndani ya maji ya moto ili yapate uvuguvugu. Nikipita pale na mgeni lazima nimwonyeshe.

Hakuanza na kazi hiyo. Sisi ni watu wa Mbulu, na Anjela alikuwa mkimbiaji. Shuleni hakuna msichana aliyewahi kumpita. Kisha mfupa wa muundi ukaanza kumuuma. Kijijini alikuwapo mtu wa kukanda, akasema ni misuli imekaza, akamkanda kwa nguvu zake zote. Anjela akakimbia, akakandwa, akakimbia tena, mpaka mfupa ukakatika katikati ya mashindano mbele ya watu. Ulipounga, ulikuwa umepinda kidogo. Mbio zikaishia hapo.

Akaenda Arusha kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kihindi aliyeitwa Mama Kokila. Yule mama alikuwa amejifunza Ayurveda, tiba ya asili ya kwao India, na ndiye aliyemfundisha dada sehemu za mwili wanazoziita marma. Mguuni ziko kadhaa: katikati ya unyayo, kati ya kidole gumba na kinachofuata, katikati ya shavu la mguu. Zikibonyezwa taratibu, mguu uliochoka unalegea. Lakini Mama Kokila hakumruhusu kumgusa mtu kabla ya kumwangalia na kumuuliza. Una mimba? Una sukari? Unyayo una ganzi? Uliumia? Mguu mmoja ukiwa umevimba na una joto, hiyo ni kazi ya hospitali. Mishipa iliyotuna, iache. Kidonda, kiache.

Dada alirudi Babati na maswali hayo, na mpaka leo humwombi akubonyeze bila kuyajibu.

Sasa, mwaka juzi, kocha mmoja wa riadha, Sosthenes, alimleta binti anayeitwa Katarina. Nilikuwepo, nimekwenda kumsalimia dada. Katarina ni wa Sigino, na kila asubuhi tulikuwa tunamwona akikimbia barabara ya Singe.

"Shikamoo, mama," akasema, akakaa kwenye benchi.

"Marahaba, mwanangu. Panauma wapi?"

Akaonyesha kwa kidole kimoja, mbele ya muundi. Anjela akapapasa mfupa polepole kwa ncha ya kidole. Alipofika pale, Katarina akavuta mguu kama aliyeguswa na moto.

"Usiku, ukiwa umelala, panauma?"

"Panauma."

Anjela akajifuta mafuta mikononi. "Huu siubonyezi."

Sosthenes akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Mama Brayan, mashindano ni Jumamosi. Bonyeza hizo sehemu zako, maumivu yatulie, mtoto akimbie."

"Yakitulia ndiyo hatari, kocha. Hayo maumivu ndiyo yanayomzuia asiuvunje. Mpeleke akapigwe picha."

"Basi nitampeleka kwa mtu mwingine."

Dada hakupandisha sauti. Alivuta pindo la sketi yake, akamwonyesha Katarina mguu wake uliopinda. "Mimi nilipelekwa kwa huyo mtu mwingine," akasema.

Katarina aliutazama kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia kocha: "Naomba unipeleke hospitali."

Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Daktari akamwambia amewahi, akamkataza kukimbia. Sosthenes alikasirika, na huko kwenye mazoezi akasema Mama Brayan ni mwoga, kazi imemshinda. Baadhi ya wakimbiaji wakaacha kuja. Mimi niliumia moyo kuliko yeye. "Wewe Scola," aliniambia, "mimi nimekataa mguu mmoja. Sijaiacha kazi."

Akawa anapanda bodaboda kwenda Sigino kumwona Katarina. Ule mguu hakuugusa mpaka daktari aliporuhusu, na hata hapo hakupita juu ya mfupa. Alimfundisha kujibonyeza mwenyewe: kidole gumba, mafuta kidogo, nguvu kama ya mtu anayepima parachichi kama limeiva. "Pumua. Ukisikia ganzi au maumivu ya kuchoma, acha. Usijikaze, hapa hatushindani."

Msimu uliofuata mbio zilifanyika hapa hapa mjini. Katarina alimaliza wa nne. Wa nne tu! Lakini alifika akikimbia, miguu yote miwili imenyooka, na Anjela akapiga vigelegele mpaka khanga ikamdondoka. Watu wakadhani ndiye mama wa mshindi. Nami nilipiga, bila aibu yoyote.

Sosthenes akaja pale tulipokuwa tumesimama. Nilijiandaa kumjibu vibaya. Badala yake akamwamkia dada kwa heshima, akasema, "Mama Brayan, nilikukosea. Njoo uwafundishe vijana wangu wote."

Jumatatu dada alivaa kitenge chake kipya, akasimama uwanjani mbele ya wakimbiaji waliokaa kwenye nyasi. Kijana mmoja akanyoosha mguu mara moja, anataka aanze kubonyezwa yeye.

"Ngoja kwanza, baba," Anjela akamwambia. "Vua soksi nikuone. Halafu uniambie, uliumia lini?"