Kuku wangu 17 walikufa kwa sababu mtu alisogeza banda hatua arobaini

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Jana kuna mtu humu aliulizwa namna ya kuhamisha banda la kuku. Akajibu: "Beba tu weka unapotaka. Kuku hana akili, atafuata nyumba yake." Watu wakamgongea like mpaka basi.

Nimelala na hasira. Nimeamka nazo.

Mzee wa miaka themanini na kitu kupandishwa presha na comment ni aibu, najua. Lakini maneno hayo hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza wakati wa Mwingereza, na yaliniulia kuku kumi na saba.

Nitaeleza ilivyokuwa. Sitaongeza hata unyoya. Idadi zote humu nimezihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu.

Kwetu ni Umeruni, mlimani, juu ya Kikatiti. Enzi hizo juu yetu kuna msitu wa serikali, hukati hata fimbo bila kibali. Chini yetu kuna mashamba ya masetla, hupiti hata kwa kunyata. Sisi tuko katikati, tumebanana na migomba na kahawa zetu. Kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa kanisa kilitosha kuwafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Aliacha mji wake, yaani nyumba na kiwanja chake, na chini ya mji kipande tulichokiita shamba la chini. Kabla hajafa alinionyesha kwa kidole: hiki chako, Anaeli.

Shahidi alikuwa mama peke yake. Na kwa wazee wa siku zile, ushahidi wa mke wa marehemu kuhusu ardhi ulipewa uzito sawa na ushahidi wa mbuzi wake.

Baba mdogo, mdogo wake baba, akasema anakitunza kipande hicho mpaka nikue. Nikakua. Nikaota ndevu. Yeye bado anatunza tu.

Nilipanda migomba mle mara mbili. Mara zote mbili ikang'olewa.

"Mbuzi hao," alisema baba mdogo.

Wakuu, mbuzi gani anang'oa migomba halafu anaipanga pembeni?

Nikapeleka shauri kwa mshili, yaani kiongozi wa ukoo wetu. Alinisikiliza, akajikuna goti, akasema wazee watapita kukagua baada ya mavuno ya kahawa. "Nikikuta una kitu mle, nitakusikiliza. Lakini usinionyeshe kibanda kitupu. Kibanda kitupu kila mtu anajua kukisimamisha. Nataka nikute kinachoishi."

Kinachoishi! Mgomba unataka mwaka na zaidi. Ng'ombe sina. Nilichonacho ni kuku watatu wa mama wanaotaka kuatamia.

Basi nikaamua kinachoishi mle kitakuwa kuku.

Nikawawekea mayai thelathini, kumi kumi. Wakatotoa vifaranga ishirini na sita. Wawili mwewe, mmoja alikanyagwa na mbuzi (huyu mbuzi wa kweli). Wakabaki ishirini na tatu: mitetea kumi na nne, majogoo tisa.

Mjue siku zile kuku walilala ndani ya nyumba na watu, kona ya mbuzi. Kumjengea kuku nyumba yake ilionekana majivuno. Mimi nikajenga katikati ya shamba la chini. Nguzo nne, sakafu ya fito imeinuka kufika kiunoni ili kinyesi kidondoke chini, paa la nyasi, mlango unatazama mawio, kingazi cha kupandia.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, alipita na mzigo wake wa majani akasimama.

"Anaeli! Umeoa kuku?"

"Bado mama, tunapatana mahari."

"Usikubali bei ya kwanza!"

Akaondoka anacheka mpaka majani yanadondoka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi, na ndipo huyo mshauri wa jana alipoharibu.

Vifaranga walipokua wakaachana na mama zao, niliwafungia mle bandani siku kumi mfululizo. Chakula mle, maji mle. Walilalamika kama wafungwa wa boma la Arusha. Nikaziba masikio yangu.

Siku ya kumi na moja niliwafungulia jioni tu, limebaki saa moja jua lizame. Wanatoka, wanachakura kidogo chini ya kahawa, giza linaanza, wanaogopa, wanatafuta wanapopajua. Kesho yake nikafungua mapema zaidi kidogo. Keshokutwa mapema zaidi tena. Hivyo hivyo mpaka wakawa wanashinda nje kutwa nzima, wanakula mchwa na majani.

Sio kwamba walinyooka mara moja. Jioni ya kwanza tisa walipanda kwenye mikahawa wakalala huko kama ndege. Niliwachuma mmoja mmoja kama buni, nikawaingiza. Jioni ya pili watano. Ya tatu wawili, walewale wakaidi. Baada ya hapo hakuna.

Wiki mbili mbele walikuwa wanaingia wenyewe kwa mstari. Nasimama mlangoni, nawahesabu wakiingia. Nachungulia ndani, nawahesabu tena. Ishirini na tatu. Nilikuwa naenda kula nimeshiba tayari.

Zikabaki siku tatu wazee wapite.

Mahindi ya kuku yakaisha. Nikabeba mikungu mitatu ya ndizi, nikadandia lori mpaka mjini, nikaenda soko la Ngaramtoni ambako mahindi ya watu wa kule yalikuwa mengi. Nilipatana na mama mmoja wa Kiarusha mpaka akasema, "Chukua uondoke, umenichosha." Jua likawa limeenda, nikalala kwa shangazi Elerai. Asubuhi nikarudi.

Nafika nyumbani naona banda langu uani kwa mama. Limesimama zima, na kingazi chake.

Nikakimbia shamba la chini.

Kulikuwa na mashimo manne ya nguzo. Na katikati ya mashimo manne, pale pale banda lilipokuwa, kuku wangu. Wamelaliana. Kicheche alikuwa amepita. Kicheche hali kuku mmoja akashiba akaenda zake, anang'ata shingo kama anayepewa mshahara kwa idadi.

Nilihesabu kumi na saba. Nikahesabu tena.

Mitetea kumi na mmoja, majogoo sita. Waliosalimika sita walikuwa juu ya mikahawa.

Mama akaja nyuma yangu, kanga kiunoni, macho mekundu. Akanieleza. Nilipoondoka tu baba mdogo alikuja na wanaume wanne, wakaling'oa banda, wakalibeba mabegani kama jeneza, wakalisimika uani kwa mama. Jioni kuku wakaja mstari mmoja mpaka kwenye mashimo. Wakasimama. Wakazunguka. Wakatafuta kingazi ambacho hakipo. Kisha wakakaa chini.

"Niliwabeba, baba," mama aliniambia. "Nikawaweka bandani. Kigingi cha mlango walikipoteza wale wanaume. Nikienda kuchukua wengine, wa kwanza wameshatoka wanarudi kule. Nikamwambia shemeji nisaidie. Akasema, waache, kuku hana akili, atafuata nyumba yake."

Hatua arobaini wakuu! Nilizipima kwenda na kurudi. Banda linaonekana pale pale. Lakini kuku hajui banda. Kuku anajua mahali. Nilikuwa nimewafundisha mahali kwa wiki tatu na zaidi, wakafuzu, na kufuzu kwao ndiko kulikowaua.

Nikaenda kwa baba mdogo. Mkono mmoja umeshika mtetea aliyekufa.

"Shikamoo baba mdogo."

Ndiyo, nilimwamkia. Tulilelewa hivyo.

"Marahaba mwanangu. Nimekusogezea banda karibu na mama yako. Kule chini wezi."

"Kuku wamekufa."

"Nimesikia. Nilidhani watafuata. Ng'ombe ukihamisha boma si wanafuata?"

"Ng'ombe unawaswaga. Hawa aliwaswaga nani?"

"Aa, ni kuku tu bwana! Utaatamisha wengine."

Wakue lini? Wazee wanakuja keshokutwa. Baba mdogo alijua kabisa anachofanya kuhusu ardhi. Kuhusu kuku nakubali hakujua, alikuwa mtu wa ng'ombe. Ila mtu asiyejua huuliza. Na mama alikuwa anamwambia!

Asubuhi iliyofuata baba mdogo akaja kwetu na mshili mwenyewe, pamoja na mzee mwingine wa ukoo. Mkononi kashika jani la masale.

Kwa wasioyajua, masale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Kwetu mtu akija na jani lake anaomba msamaha, na humfukuzi. Ukilipokea, shauri limekufa. Hulifufui tena mbele ya wazee.

Mmeona ujanja? Siku moja kabla ya ukaguzi. Nikipokea, nimenyamazishwa, na shamba la chini lina mashimo tu. Nikikataa, mimi ndiye mtoto mbaya wa ukoo, nani atanisikiliza tena?

Mama alisimama mlangoni. Aliuma pindo la kanga.

"Mwanangu," akasema baba mdogo kwa sauti ya kanisani, "nisamehe kwa yote yaliyotokea."

Nimezaliwa napatana bei wakuu. Mtu akikuambia "vyote kwa pamoja," kuna kitu kimeoza chini ya gunia.

Nikamwambia, "Baba mdogo, naheshimu jani. Lakini nisamehe nini? Nitajie."

"Hao kuku."

"Wangapi?"

"Kama kumi hivi."

"Kumi na saba."

Akamtazama mshili. Mshili akajikuna goti. "Taja tu, bwana. Si umekuja mwenyewe?"

"Haya, kumi na saba."

"Wamesamehewa. Na banda?"

"Na banda. Nisamehe nililihamisha."

"Ulilihamisha kutoka wapi?"

Mzee wa pili, ambaye nilidhani amesinzia, akainua kichwa.

"Kutoka kule," akasema baba mdogo.

"Kule wapi?"

"Shamba la chini."

"La nani?"

"Wewe kijana!" Akalipunga jani hewani. "Nimekuja na masale unanihoji kama karani wa boma?"

Mshili akaniambia, "Inatosha, Anaeli."

"Haijatosha mzee wangu. Nikisamehe banda lililong'olewa kwenye shamba la mtu, lazima nijue ni la nani. Kama ni lake, aliondoa uchafu kwenye shamba lake, hana kosa, arudi nyumbani na jani lake. Kama ana kosa, basi si lake."

Yule mzee wa pili akacheka. Kicheko kifupi, kikavu.

"Kakushika," akamwambia baba mdogo. "Taja twende, jua linapanda."

Baba mdogo akatazama chini. "Shamba la marehemu kaka."

"Alilomwachia nani?"

"Wewe."

Nikalipokea jani kwa mikono miwili.

Ukaguzi haukufanyika. Mshili alisema wameshasikia kwa masikio yao. Jioni ile vijana wa jirani walinisaidia, tukarudisha banda kwenye mashimo yale yale manne. Wale sita nikawafungia siku kumi upya.

Sasa mtasema mzee ulishinda, hasira za nini?

Hasira ni kwamba jani lilimgharimu kuinama na kulikata tu. Hakunirudishia hata kifaranga kimoja. Mpaka anazeeka alikuwa anawaambia watu kanisani kwamba yeye ndiye aliyenipatia shamba. Na mimi siwezi kusema kitu, nimeshasamehe, tena mbele ya mashahidi! Mdomo ulisamehe. Kila nikikumbuka mama anakimbia na kuku kwapani huku yule mtu amesimama anamtazama, nahesabu upya.

Nilichojifunza, chukueni bure.

Mkihamisha banda, hata hatua tano, wafungieni kuku ndani siku kumi kama wageni. Wafungulieni jioni kwanza. Jioni nendeni mahali pa zamani mkawaokote kwa mikono, msitume maneno. Na mtu akikuomba msamaha wa jumla, mwambie ataje kimoja kimoja, polepole, watu wakisikia.

Nawaachia nafasi. Hasa nyie mnaotoka huku mlimani mnaojua masale: mngelipokea lile jani au mngemrudisha nalo? Semeni ukweli, nipo nasoma, miwani nimeshavaa.