Kabali Isiyo na Kiwiko

Mwaka 1954, mkufunzi wa mieleka wa askari wapya pale Iringa alikuwa na mikono mipana na sauti iliyozidi kukwaruza kila masika. "Ukipigwa kabali, zika kidevu, vuta kiwiko chake chini, ugeuke," alirudia, na vijana walipomkaba kwa zamu alichomoka kila mara. Hata akinywa uji alizika kidevu. Fanueli, mmoja wa vijana hao, aliona ni mazoea tu, hadi siku alipomkaba na mkono wake ukagusa, chini ya skafu, uvimbe wa rovu mgumu kama kiazi kibichi. Akalegeza.

"Nimekuumiza, afande?"

"Kaza, mwanangu," alisema akihema. "Mkono wako, angalau, una kiwiko cha kuvuta." Alipokwisha kuchomoka, vidole vyake viliendelea kuipapasa shingo, visipate pa kushika.